Hindi la madoadoa kutoka Kibaigwa

Swali: "Shikamoo Daktari. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne, wilaya ya Kongwa. Mwanafunzi wangu kaleta hindi alilolitoa kwenye gunia la Kibaigwa. Punje nyingi ni nyeupe, ila kama kumi na tano hivi zina madoadoa ya zambarau, utadhani zimerushiwa wino. Kaniuliza: kama punje imepata jeni zake mara moja tu, za mama na za baba, inakuwaje punje moja iwe na rangi mbili? Katika kutafuta nimekuta habari za 'jeni zinazoruka', na kwamba zaidi ya robo tatu ya DNA ya mahindi ni hizo. Wapo wanaoziita takataka, wapo wanaosema ndizo zinazoendesha mageuko ya mimea. Nimjibu nini?"

Marahaba, Mwalimu. Mbukwenyi hapo Kongwa.

Mwambie asilitupe hilo hindi, na pia asilile.

La kutolila nalimaliza haraka. Sisi wa kanda ya kati tuna haki ya kuishtukia punje yenye rangi isiyoeleweka. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na iliingia mwilini kwa njia ya mahindi ya kawaida ya majumbani. Ukungu hukaa juu ya punje, mara nyingi kwenye ncha ya hindi au pale mdudu alipotoboa. Una vumbivumbi, na rangi yake mara nyingi ni ya kijani, kijivu au nyeusi. Rangi ya zambarau ya mahindi yenyewe iko chini ya ganda, na ganda juu yake linabaki nyororo na linang'aa. (Sumu yenyewe haina rangi, kwa hiyo punje safi machoni nayo si cheti cha usalama. Hilo waambie wote darasani.)

Ukishajiridhisha si ukungu, chukua punje moja ya madoadoa, iloweke usiku kucha, asubuhi ubandue ganda la juu kwa ukucha. Ganda hilo ni la mama mtupu, kwa sababu ni sehemu ya mmea uliobeba hindi. Likitoka likiwa angavu kama karatasi ya nailoni na madoa yakabaki kwenye punje, basi rangi iko kwenye tabaka linalofuata, linaloitwa aleuroni. Unene wake ni seli moja tu. Tabaka hili ni la mtoto, limepata seti mbili za kromosomu kwa mama na moja kwa baba. Kama rangi itatoka pamoja na ganda, na ni michirizi myekundu inayoshuka kutoka utosini mwa punje, basi una kisa kingine, ndugu wa hiki. Lakini ulivyoeleza, "kurushiwa wino", naamini ni aleuroni.

Sasa tazama madoa kwa lenzi ya maabara ya shule. Utaona hayafanani. Lipo pana kama kichwa cha kiberiti, vipo vidoa kama ncha ya sindano. Kila doa ni ukoo mmoja, yaani seli moja iliyopata uwezo wa kutengeneza rangi, ikagawanyika, na wajukuu na vitukuu vyake wote wakairithi. Doa pana maana yake babu wa ukoo alibadilika mapema, punje ikiwa bado changa. Kidoa kidogo ni cha seli iliyobadilika mwishoni, ikawahi kugawanyika mara mbili tatu tu kabla punje haijakomaa. Kwa hiyo mwanafunzi wako kaona jambo la kweli. Jeni zilipokelewa mara moja, lakini hazikutulia zilipowekwa. Seli zote za punje zilianza na jeni ya rangi iliyoharibika, na ndani ya baadhi ya seli ikapona.

Inaponaje? Hapo ndipo inapoingia Barbara McClintock. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo kwenu Kongwa na matrekta yao kulima karanga, mradi ukawafia mikononi mwaka 1951. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, kwenye kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor huko Marekani, mwanamke huyu alikuwa na kishamba chake cha mahindi, anahesabu madoa. Naye alianza na jambo jingine kabisa: kromosomu ya 9 iliyokuwa ikikatika mahali palepale kila mara. Mahali hapo akapaita Ds. Akagundua kwamba Ds haikati kitu peke yake, inahitaji kitu cha pili kiwemo kwenye mmea, nacho akakiita Ac. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Ds ilikuwa inahama. Siku moja aliikuta imekaa katikati ya jeni ya rangi, C, na punje zikawa hazina rangi. Ac ikiwemo, Ds iliondoka kwenye jeni hiyo katika seli moja hapa na nyingine pale, jeni ikaunga, doa likatokea. Akahesabu hadi dozi: Ac zikiongezeka, Ds huchelewa kuondoka, hivyo madoa huwa madogo zaidi. Watu wengi walitarajia kinyume chake.

Alitoa matokeo haya mbele ya wenzake mwaka 1951, akapokelewa kwa ukimya. Husimuliwa kwamba walimcheka. Mimi nadhani wengi hawakumfuata tu, maana data zake ni nzito hata leo ukizisoma ukiwa na kahawa mkononi. Wakati huo muundo wa DNA haujajulikana, na jeni zilifikiriwa kama shanga kwenye uzi, kila moja mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vipande vinavyohama vikaanza kuonekana kwenye bakteria, na Nobel ikamfikia mwaka 1983, peke yake, akiwa na miaka 81.

Leo vipande hivi tunaviita transposoni, na tunajua jinsi vinavyofanya kazi. Ac ina herufi 4,500 na ushei za DNA, na ndani yake mna jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kukata na kubandika. Ds nyingi ni Ac zilizopoteza sehemu ya jeni hiyo. Zimebaki na ncha ambazo kimeng'enya huzitambua, lakini haziwezi kukitengeneza, ndiyo maana zinamsubiri mwenye mkasi. Zikiondoka, mara nyingi huacha alama, herufi chache zilizozidi pale kilipokuwa kipande. Alama ikiangukia pazuri jeni hufanya kazi tena, ikiangukia pabaya jeni hubaki bovu moja kwa moja.

Kundi la pili ndilo lenye makuu zaidi kwenye mimea: retrotransposoni. Hizi haziondoki zilipo. Hutoa nakala ya RNA, nakala hiyo hugeuzwa kuwa DNA mpya, na DNA mpya hujichomeka mahali pengine. Vijana wa steshenari wangesema ya kwanza ni kukata na kupesti, ya pili ni kukopi na kupesti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini jenomu za mimea, yaani DNA yote ya kila mmea, zimenenepa, kwa sababu karatasi ya awali inabaki kwenye mashine na kila safari inaongeza nakala.

Hapa naomba tukae kidogo, maana mifano iko mashambani mwetu. Mtama na mahindi walikuwa na babu mmoja miaka milioni 12 hivi iliyopita. Wote wana jozi kumi za kromosomu. Wote wana jeni zipatazo 30,000, kuzidiana ni kwa kiasi. Lakini jenomu ya mtama, iliyosomwa mwaka 2009, ina herufi milioni 730 hivi, na ya mahindi, iliyosomwa mwaka huohuo, ina milioni 2,300. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba babu wa mahindi aliwahi kurudufu jenomu yake nzima, kisha akapoteza jeni nyingi zilizojirudia. Sehemu kubwa iliyobaki ni retrotransposoni. Kwa mahindi, transposoni za aina zote ni karibu asilimia 85 ya jenomu, kwa mtama ni kama asilimia 62. Alizeti inayolimwa kuanzia hapa hadi Singida ina herufi bilioni 3.6, na zaidi ya robo tatu ni retrotransposoni. Ngano, asilimia 85.

Tunajuaje zilijichomeka lini? Kwa ujanja ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. Retrotransposoni nyingi za mimea zina ncha mbili zinazofanana, moja mwanzoni, moja mwishoni. Siku kipande kinapojichomeka, ncha hizo huwa sawasawa herufi kwa herufi, kwa kuwa zote zimenakiliwa kutoka chanzo kimoja. Kuanzia siku hiyo kila ncha hupata makosa yake ya kunakiliwa, kizazi hadi kizazi. Ukihesabu tofauti zilizopo leo kati ya ncha mbili, unapata umri, kama unavyokadiria umri wa nguo pacha kwa jinsi zilivyochujuka kila moja kivyake. Mwaka 1998 hesabu hii ilionyesha kwamba nyingi ya retrotransposoni zilizo kati ya jeni za mahindi ziliingia katika miaka milioni michache iliyopita, na kwamba jenomu ya mahindi ilinenepa karibu maradufu kwa muda huo. Miaka miwili kabla yake watafiti walikuwa wameonyesha jinsi zilivyokaa: kipande ndani ya kipande ndani ya kipande, kama sufuria za mama lishe zilizopachikwa pamoja baada ya mchana. Iliyo ndani kabisa ya mrundikano ndiyo iliyofika mwisho, na ile iliyopasuliwa na wenzake ndiyo kongwe.

Mpunga mwitu wa Australia, Oryza australiensis, umefanya vivyo hivyo: aina tatu tu za retrotransposoni zimeikuza jenomu yake mara mbili. Na zipo njia za kupungua pia. Zile ncha mbili zinazofanana zinaweza kukutana wakati wa kuvukiana kwa kromosomu, kila kilicho katikati kikatupwa, ikabaki ncha moja pekee. Jenomu ya mmea, kwa hiyo, ni kama gunia lenye tundu chini. Unene wake unategemea kinachomiminwa na kinachovuja.

Haya, je, ni takataka?

Swali hili lina historia yake. Mwaka 1980 kurasa za jarida la Nature zilibeba makala mbili, moja ikiwa na jina la Francis Crick yuleyule wa DNA, zikidai kwamba vipande hivi havihitaji kuwa na faida yoyote kwa kiumbe. Vinajinakili, basi, na hilo linatosha kuvifanya viwepo. Mimi nipo upande huo kama mahali pa kuanzia. Ukibisha, nenda sokoni Majengo ununue kitunguu. Kitunguu kina DNA takriban herufi bilioni 16, mara tano ya ile ya mwanadamu anayekikata. Sioni kazi ambayo kitunguu kinaifanya mara tano zaidi ya Mgogo. Kisha kuna mmea mdogo wa majini unaokula wadudu, Utricularia gibba, ambao jenomu yake ina herufi milioni 82 tu na karibu hauna transposoni, asilimia 3 hivi. Unachanua na kuzaa bila tatizo. Kwa hiyo anayesema kila herufi imewekwa kwa kusudi, mwulize kuhusu mimea hii miwili.

Lakini "takataka" nayo inakosea, kwa sababu inafanya tufikirie kitu kilicholala. Hivi havilali. Mmea hutumia nguvu nyingi kuvinyamazisha: huvibandika alama za kikemikali zinazoitwa methili, na hutengeneza vipande vifupi vya RNA vyenye herufi 24 vinavyokwenda kuvitafuta vyenzake na kuvionyesha kwa askari. Ulinzi huo humwagikia majirani. Jeni iliyo karibu na transposoni iliyofungwa inaweza kufungwa nayo, kama duka zima linavyokosa umeme kwa deni la chumba kimoja. Kuna aina ya matikiti (si tikiti maji, binamu yake) ambako transposoni imeingia karibu na jeni ya kuamua jinsia ya ua. Ukimya ukasambaa hadi kwenye jeni, na mmea ukatoa maua ya kike matupu. Hakuna herufi hata moja ya jeni yenyewe iliyoguswa.

Na hapa ndipo mageuko yanapopata mtaji. Kipande kikijichomeka ndani ya jeni, huivunja. Kikikaa jirani, kinaweza kuipandisha sauti, kuishusha, au kuifanya iitikie jambo ambalo haikuwa ikiitikia. Mara nyingi matokeo ni hasara au si kitu, mara chache yanafaa, na kwa mamilioni ya miaka hizo mara chache zinalimbikizana.

Mfano wa kuvunja unaufundisha kila mwaka bila kujua. Njegere za Mendel, laini na zilizokunjamana, za makala yake ya mwaka 1866. Ilichukua hadi 1990 kujulikana kilichozikunja. Ni kipande cha herufi 800 hivi, cha ukoo unaofanana na ule wa Ac na Ds, kilichoingia kwenye jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza wanga. Wanga ukipungua, sukari inazidi. Sukari inavuta maji. Mbegu inavimba ikiwa mbichi, na ikikauka inasinyaa. Basi ile herufi r ndogo unayoandika ubaoni ni transposoni iliyokaa.

Mfano wa pili uko Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, popote penye zabibu hapa Dodoma. Nina mazoea ya kuwapeleka wanafunzi wangu shambani karibu na mavuno na kuwasimamisha kati ya mistari miwili, mmoja wa Makutupora Nyekundu na mwingine wa Chenin Blanc nyeupe, nikiwauliza ipi ni ya awali. Wengi husema nyeupe, kwa kuwa rangi inaonekana kama kitu kilichoongezwa. Ni kinyume. Zabibu nyeupe ni nyekundu iliyopoteza swichi. Retrotransposoni yenye herufi 10,000 na ushei, Gret1, ilijichomeka mbele ya jeni inayowasha utengenezaji wa rangi kwenye ganda la tunda. Jeni jirani yenye kazi hiyohiyo ilikuwa imeharibika kwa makosa yake yenyewe. Zote mbili zikizimwa kwenye kromosomu ya mama na ya baba, shada linatoka jeupe. Karibu zabibu nyeupe zote zilizochunguzwa duniani zina alama hiyohiyo, maana yake jambo hili lilitokea mara moja, zamani, na watu wakalipenda na kulieneza kwa kupandikiza pingili.

Tena kisa kina mkia. Zabibu nyeupe iitwayo Italia iliwahi kutoa tawi lenye matunda mekundu, tawi hilo likapandwa na kuwa aina mpya, Ruby Okuyama. Watafiti wa Japani walipofungua DNA yake mwaka 2004 walikuta Gret1 imeondoka na kuacha ncha moja tu. Ni lile tundu la gunia nililolitaja. Rangi imerudi, japo si kwa ukali wa zamani. Kwa hiyo mkulima akiona tawi moja kwenye mzabibu mweupe limebeba mashada yenye wekundu, asilikate kwa hasira. Alifunge utepe na kuita mtu.

Mfano wa tatu unarudi kwenye hindi lako. Mahindi yanatokana na nyasi ya Meksiko iitwayo teosinte, yenye matawi mengi na vibunzi vidogo vya punje chache. Wakulima wa huko walianza kuibadilisha miaka 9,000 hivi iliyopita. Moja ya jeni zilizoleta umbo la bua moja lililosimama inaitwa tb1, na tofauti yake na ya teosinte iko mbali, herufi zipatazo 60,000 kabla ya jeni yenyewe, ambako kumekaa retrotransposoni iliyopewa jina la mchezo wa watoto wa kuruka vyumba vilivyochorwa chini: Hopscotch. Ikiwepo, tb1 hufanya kazi karibu mara mbili, na matawi huzuiwa. Hopscotch ilikuwa imeshaingia kwenye teosinte angalau miaka 10,000 kabla ya mkulima wa kwanza. Ilikuwa inazurura humo kama kasoro ndogo ya baadhi ya mimea, haina soko, hadi mtu akatokea aliyetaka bua la namna hiyo. Ukimfundisha mwanafunzi mfano mmoja tu, mpe huu. Transposoni haikujua kwamba kutakuwa na jembe.

Karanga nazo zimo, kwa heshima ya Kongwa. Baadhi ya mistari ya karanga yenye mafuta mengi ya oleiki, yale yasiyochacha upesi, ilipatikana kwa sababu kipande kidogo kihamaji kiliivunja jeni mojawapo ya kubadilisha oleiki kuwa linoleiki. Napita haraka, ni hadithi ileile ya njegere kwa faida ya muuza mafuta.

Wapo pia wageni waliohamia jumla. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, una jeni mbili, FHY3 na FAR1, unazozitumia kuhisi mwanga mwekundu wa mbali, ule unaoujulisha kwamba uko chini ya kivuli cha mwingine. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba protini hizo zilitokana na vimeng'enya vya kurusha transposoni. Uwezo wa kuishika DNA umebaki, na sasa unatumika kuwasha jeni nyingine za mmea.

Najua utakachoniuliza baada ya hapo, maana kila ninapofundisha Dodoma nakiulizwa: je, ukame na jua letu vinaziamsha? Baadhi, ndiyo. Kuna retrotransposoni ya Arabidopsis inayoitwa ONSEN, jina la chemchemi za moto za Kijapani, ambayo huamka mmea ukipata joto kali. Kwenye mimea iliyoondolewa ule ulinzi wa RNA fupi, nakala mpya hupatikana hata kwa watoto. Kwenye mpunga kuna kipande kidogo, mPing, ambacho katika aina fulani huongeza nakala zipatazo 40 kwa kila mmea kwa kizazi kimoja. Kikikaa karibu na jeni kinaweza kuifanya iitikie baridi au chumvi. McClintock mwenyewe, katika hotuba yake ya Nobel, alizungumzia jenomu inavyoitikia misukosuko.

Lakini hapa natofautiana na wanaovutwa na uzuri wa simulizi. Kusema mmea "unaruhusu" vipande viruke ili upate suluhisho la ukame ni kuupa mmea akili za mganga. Joto hulegeza ulinzi, na kipande chenye swichi ya joto hujinufaisha. Kinapotua hakijali shida ya mmea. Alizeti mwitu za Marekani zinaonyesha vizuri. Aina mbili, Helianthus annuus (mama wa alizeti yetu) na Helianthus petiolaris, zimezaa kwa kuchanganyika aina tatu mpya. Moja huishi kwenye vilima vya mchanga wa jangwa, nyingine kwenye jangwa tambarare, ya tatu kwenye mabwawa ya chumvi. Jenomu za zote tatu ni kubwa kuliko za wazazi kwa karibu nusu, na zilizojaza ni retrotransposoni. Inavutia kusema ndizo zilizowapa uwezo wa kukaa jangwani. Kilichoonekana ni kwamba zilifurika. Mchanganyiko wa damu mbili huvuruga ulinzi, na mazingira magumu huenda yakaongeza. Kufurika na kusaidia ni madai mawili, na ushahidi wa la kwanza usimbebeshe mtu la pili.

Na kabla darasa halijaogopa ugali: hapana, havikurukii. Tumbo huichambua DNA ya mahindi kama linavyoichambua ya mchicha.

Sasa lile la kutolitupa hindi. Mvua za Desemba zikianza, pandeni punje zote kumi na tano za madoadoa kwenye bustani ya shule, mbali na mahindi mengine kadiri mnavyoweza. Kila kibunzi kifunikeni kifuko cha khaki kabla nywele hazijatoka, na ua la juu lifungieni kifuko kingine linapoanza kumwaga chavua. Asubuhi umande ukikauka, kung'uteni chavua ya mmea huohuo juu ya nywele zake wenyewe, mfunike tena. Kama ni jozi ya aina ya Ac na Ds, na mmea una Ds kwenye nakala zote mbili za jeni ya rangi lakini Ac moja tu, mtavuna hindi ambalo karibu robo tatu ya punje ni za madoadoa na robo moja haina rangi, yaani uwiano wa Mendel unaoufundisha. Juu ya hizo tafuteni punje moja moja za zambarau tupu, zisizo na doa lolote jeupe. Hizo ni zile ambazo kipande kiliondoka mapema kabisa, kwenye seli zilizokuja kuwa chavua au yai, na watoto wao watabaki na rangi. Kama zote zitatoka nyeupe au zambarau tupu bila madoadoa, nimekosea, na kilichokuwepo kilikuwa kitu kingine.

Hesabuni hindi zima kabla ya kupukuchua, maana punje zikishachanganyika kwenye ndoo huwezi tena kujua ipi ilikaa jirani na ipi. Piga picha kila upande, unitumie.